Bango Jeupe la Maame Kyerewaa

Kwaku Dapaah ni mchoraji, na kazi yake kubwa ni kutochora. Nasema hivi bila chuki. Namfahamu tangu tulipokuwa watoto tukikimbizana kati ya injini chakavu za gereji za Suame, na mpaka leo sijaona mtu anayejituma kama yeye ili kuacha karatasi tupu. Anaweza kukaa kutwa mbele ya karatasi, brashi mkononi, pumzi ameibana, halafu jioni anaweka mstari mmoja kwenye pembe ya chini na kwenda kuoga kama mtu aliyetoka kupasua kuni. Ukimuuliza ni nini hicho, anakwambia ni ndege. Ukimuuliza mbona ndege haonekani, anakwambia ameshaondoka.

Mimi naitwa Abena Frempomaa. Nina duka la kuchapa mabango ya misiba pale mtaa wa Asafo, hapa Kumasi, na kama umefiwa katika mji huu ndani ya miaka kumi na minne iliyopita, huenda marehemu wako nimempa mabawa mimi. Mabango yangu yana kila kitu: marehemu katikati amevaa vazi la kente, mawingu, ngazi ya dhahabu, njiwa sita, na majina. Hasa majina. Mtu akifa kijana, juu tunaandika "Pigo Gani Hili". Akifa mzee, "Safari Imetimia". Aliye kati ya hapo, wenye msiba wanachagua. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba kikazi mimi na Dapaah tulikuwa paka na panya, na urafiki wetu ulikuwa wa kuchokozana.

Ujapani wake aliutoa kwenye giaboksi. Baba yake aliuza spea za magari, na mzigo ulipofika kutoka Japani vyuma vilikuwa vimefungwa kwa magazeti ya huko, yale yenye picha. Wenzake waligombea skrubu, yeye aligombea karatasi. Alizinyoosha, akazifuta grisi kwa unga wa muhogo, akazibandika ukutani: bustani isiyo na ua hata moja, bakuli la udongo lililopinda, tawi moja la mti mbele ya ukuta mtupu. Kufikia umri wa miaka kumi na sita alikuwa ameshaamua kwamba yeye alizaliwa Kumasi kwa makosa ya usafirishaji.

Japani kwenyewe hajawahi kufika. Alisoma chuo cha sanaa, akatoka na cheti, akarudi kukaa kwa mama yake. Wino alijitengenezea kwa masizi ya taa na gundi. Chai alikunywa ya majani ya mlonge, akiipiga kwa kifagio kidogo cha mianzi mpaka itoe povu, kisha analishika bakuli kwa mikono miwili na kuinama. Watu wa mtaani, ambao wanawajua Wajapani kwa filamu za karate, walikuwa wakimwona wanainama pia, na wengine wanajikinga uso.

Mama yake, Maame Yaa Kyerewaa, aliuza mabeseni ya enameli katika soko la Kejetia kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa mwanamke wa kujaza. Beseni ndani ya beseni, makochi mawili juu ya mazulia mawili, mchuzi mpaka kwenye ukingo wa bakuli. Dapaah alipohamia akaanza kuipunguza nyumba. Alikata miguu ya meza ya kulia ili watu wakae chini, na Maame, mwenye goti bovu, akawa anakula ugali wake wa fufu kaegemea ubavu kama mgonjwa. Akamwaga kokoto uani, akazichana kwa reki mistari mistari, akakataza mtu asipite. Kuku hawakukatazika. Jirani aliyekuwa anajenga akadhani ni msaada wa ujirani mwema, akaja na toroli na kuchukua nusu. Dapaah akalitazama lile pengo kwa muda mrefu, akasema sasa bustani imekuwa nzuri zaidi.

Mtu mwingine angemfukuza mtoto kama huyo. Maame Kyerewaa alichukua michoro yake akaenda nayo sokoni, akaikunjua juu ya mabeseni na kuwaonyesha wateja. "Huyu mwanangu," alikuwa akisema. "Hajamaliza bado, lakini tazameni mstari ulivyonyooka." Mimi nilimsikia kwa masikio yangu, na niliona wivu, maana mama yangu mpaka leo anawaambia watu kwamba nauza vitabu.

Mara moja Dapaah alifanya maonyesho ya kazi zake, na akaja Mjapani wa kweli, mhandisi mmoja aliyeitwa Bwana Hayashi, aliyekuwa akijenga daraja. Dapaah hakulala siku mbili. Bwana Hayashi akazunguka ukumbi, akainama mbele ya kila karatasi kwa adabu, akasema ni nzuri sana, zinamkumbusha ofisi ya baba yake. Halafu akatoka nje, akaona bango langu la marehemu mmoja aliyekuwa dereva, lile lenye malaika wawili wanaosukuma basi kwenda mbinguni, akalipiga picha kumi na moja. Akauliza kupitia kwa mkalimani kama anaweza kupata moja la ukubwa wa kutundika sebuleni. Dapaah hakusema nami kwa wiki tatu.

Basi, Maame Kyerewaa akafa. Alifia dukani kwake mwezi wa pili, ameketi, beseni mapajani, na mteja aliyekuwa akibishana naye bei aliendelea kubishana kwa muda kabla hajagundua. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Dapaah.

Siku ya saba ukoo ulikutana kupanga mazishi. Mkuu wa ukoo ni kaka yake marehemu, Mjomba Agyapong, mzee mrefu mkavu aliyewahi kuwa msimamizi wa stesheni moja ya reli. Treni ziliacha kupita zamani, lakini saa yake ya mnyororo bado anaivaa na bado anaudhika mtu akichelewa. Pembeni yake alikaa mdogo wa marehemu, Mama Mdogo Afriyie, aliyekuwa amerudi kutoka Hamburg baada ya miaka ishirini na anayeongea kama mtu anayeita teksi. Waliafikiana mapema kuhusu jeneza, maturubai na wali. Kilichobaki kilikuwa majina ya kwenye bango.

Hapa ndipo watu wetu wanapokufa mara ya pili. Kwenye mazishi msemaji anashika maiki, anasoma majina moja moja, na aliyetajwa anasimama na nguo yake nyeusi, anaonekana, anapewa pole. Asiyetajwa haji. Au anakuja, anakaa na wageni, anakula wali wa wageni, na habari hiyo wajukuu zake wataisimuliwa. Orodha ya Mjomba Agyapong ilikuwa na majina mia moja arobaini na sita, na bado Mama Mdogo Afriyie alitaka watu wa Hamburg watajwe kabla ya watu wa Mampong, alikolelewa marehemu.

Dapaah, aliyeketi pembeni, akasema bango atalitengeneza yeye. Ukoo ukafurahi. Miaka yote walikuwa wakijiuliza kile cheti kilikuwa cha nini.

Siku tatu baadaye akaja dukani kwangu. Alikuwa amekonda, macho mekundu, na mkononi ana kijiti cha kompyuta. Nikakifungua. Nikaona weupe. Nikadhani mashine imegoma, nikaizima na kuiwasha. Weupe ukarudi.

Chini, upande wa kushoto, palikuwa na mstari. Ulianzia juu kwenye fundo la kilemba, ukashuka shingoni, ukapinda mgongoni, ukaishia mapajani ambako palikuwa na duara, beseni. Mwanamke aliyeketi, ametupa mgongo, amechorwa kwa pumzi moja. Ndani ya mstari hapakuwa na kitu. Chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi: jina la marehemu, siku, uwanja wa mazishi. Na mhuri mwekundu wa mraba, wenye maandishi ya Kijapani, aliouchonga kwenye soli ya ndala.

Nitasema ukweli. Niliutambua ule mgongo kabla sijasoma jina. Ulikuwa Maame Kyerewaa hasa, na bega lake moja lililoinama kwa kubeba.

"Ni mzuri," nikasema. "Sasa majina niweke wapi?"

"Hakuna majina."

"Dapaah."

"Dada, nimefikiri sana. Ukijaza, humuoni. Ukiacha nafasi, anakuja mwenyewe."

"Atakuja nani? Watu wa Mampong hawatakuja, hilo nakuhakikishia. Mjomba wako ana majina mia na arobaini na ngapi sijui, wewe umeweka sifuri. Hata lako halipo."

"Langu lipo," akasema, akanionyesha ule mhuri.

"Hilo nani atalisoma?"

"Mama alikuwa analijua."

Nikamwambia Mjomba Agyapong atamchuna ngozi. Nikamwambia mkono mtupu haulambwi. Nikamwambia nitamwekea walau njiwa mmoja, mdogo, kwa mbali, na akakataa. Halafu akaanza kulia pale mbele ya wateja, bila sauti, mikono magotini, na mimi nikachapa. Wengine huchapa mabango arobaini. Yeye alitaka moja tu, kubwa, la urefu wa lori. Moja linatosha, alisema. Tukalitundika kwenye ukuta ulio mbele ya lango la soko, alikopita mama yake kila asubuhi.

Kesho yake asubuhi mji ulikuwa na maelezo matatu. La kwanza, marehemu alikuwa hana ndugu, na wale wote waliojiita ndugu zake walikuwa wapangaji. La pili, ukoo umemkana kwa jambo fulani, na kila mtu alikuwa na jambo lake la kupendekeza. La tatu, Frempomaa ameishiwa wino. Hilo la tatu ndilo lililoniumiza.

Kufikia saa nane mchana maelezo yalikuwa hayahitajiki tena, kwa sababu nafasi tupu kwenye ukuta wa Kejetia haikai ikangojea falsafa. Mchungaji mmoja alikuwa amebandika tangazo la mkesha wa kufungua vizazi. Mgombea wa kiti cha kata alikuwa amebandika uso wake mara nne. Tabibu wa miti shamba alikuwa ameandika kwa rangi ya kijani, kwa mkono, DAWA YA BAWASIRI, PIGA SIMU, na mshale. Mshale ulielekea kwa Maame Kyerewaa.

Mjomba Agyapong alikuja kwa miguu, saa mkononi. Alibandua matangazo yote mwenyewe, mzee wa miaka sabini na sita juu ya ngazi, ila lile la bawasiri lilikuwa la rangi na halikutoka. Kisha akamwita Dapaah, akamwambia mbele yetu sote, kwa sauti ya chini, kama anavyoongea akikasirika kweli.

"Siku ya Jumamosi namzika dada yangu. Bango hili nalitaka liwe na majina. Lisipokuwa nayo, mimi nitazika, maana ni damu yangu. Wewe utakaa na wageni."

"Mjomba, mimi ni mwanawe."

"Imeandikwa wapi?"

Dapaah akaonyesha mhuri. Mjomba Agyapong akavaa miwani, akautazama kwa karibu, akavua miwani, akaondoka. Na Dapaah, mwenye kichwa kigumu, hakusogea. Alisimama pale chini ya weupe wake akatuambia kwamba huo ndio utupu wenyewe, kwamba lazima uumize. Nilitamani kumpiga na ngazi. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akastahili kupigwa na ngazi.

Ukoo ukaja dukani nichape jingine. Nilikuwa tayari, njiwa nilishawaweka. Lakini kwa kuwa orodha ilikuwa imefunguliwa upya, ugomvi nao ukafunguliwa. Hamburg walitaka kuwa juu. Mampong wakasema wao ndio waliomlea marehemu, Hamburg wao walilea theluji. Binamu mmoja akataka aandikwe kwa cheo cha udaktari ambacho alikipata kwa njia ya simu. Jumatatu ikaisha, Jumanne ikaisha. Jumatano Mama Mdogo Afriyie akachoka. Akanunua maka peni nyeusi, nene, akaenda sokoni, akapanda stuli ya muuza pilipili, na juu kabisa ya lile bango jeupe akaandika jina lake kwa herufi za ukubwa wa mkate: AFRIYIE, MDOGO WAKE, HAMBURG.

Haikupita saa moja, Mampong wakafika na ngazi ndefu zaidi.

Sijapata kuona kazi ya sanaa iliyopendwa kama ile. Watu wazima, wenye wajukuu, walisukumana kwa viwiko ili wakae juu ya wenzao. Mmoja aliandika jina lake mara mbili, pembe na pembe, kwa tahadhari. Yule daktari wa simu aliandika cheo akakosa nafasi ya jina. Mjomba Agyapong alishikilia saa yake akasema kila mtu ana dakika mbili. Yeye mwenyewe aliandika mwisho, kwa mwandiko wa stesheni, safi, wa kulala: Agyapong, kaka yake. Akafunga kifuniko cha maka peni kwa uangalifu, akajifuta uso kwa kitambaa. Aliufuta muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Ukoo ulipomaliza, nafasi ilikuwa bado kubwa. Hapo ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga, wala Dapaah, ingawa baadaye walimpa sifa. Memunatu, binti mchukuzi aliyetoka kaskazini, anayebeba mizigo kichwani pale sokoni, alikuja kumuomba Mama Mdogo Afriyie maka peni. Mama Mdogo akamuuliza yeye ni nani wa marehemu. Memunatu akasema si mtu, ila alipofika mjini alilala miezi miwili chini ya meza ya mabeseni na Maame alikuwa anamfunika kwa turubai. Mama Mdogo akatazama kulia na kushoto, akampa. Memunatu hakujua kuandika vizuri, akaandika MEMUNA na mchoro wa beseni.

Baada yake wakaja wengine. Efua wa vitunguu, aliyepelekwa hospitali kujifungua kwenye mkokoteni wa Maame. Muuza pilipili mwenye ile stuli. Wachukuzi saba, kila mmoja na beseni lake. Mwendesha mkokoteni mwenyewe. Mteja aliyekuwa akibishana bei siku ile akaandika jina lake akaongeza: Nisamehe. Mimi niliandika pia, kona ya chini kulia, kwa herufi zangu za kazi, na niliweka njiwa. Kufikia Ijumaa jioni bango lilikuwa jeusi tii kwa majina, mpaka pembeni mwa mishono, na dawa ya bawasiri imemezwa katikati kama mkwe asiyealikwa. Palibaki peupe mahali pamoja tu, ndani ya ule mstari, mgongoni mwa Maame. Hakuna aliyethubutu. Mtu haandiki juu ya mama wa watu.

Dapaah hakuja kutazama hata mara moja. Alijifungia na kokoto zake. Nilimpelekea ugali wa kenkey na samaki, akaniambia kazi yake imeuawa. Nikamwambia aliyekufa ni mama yake, ajifunze kutofautisha. Nikaona uso wake, nikajuta, lakini maneno nilikuwa nimeshayasema.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka barabarani. Bango lilitundikwa nyuma ya msemaji, Poku Kipaza, ambaye hana haja ya maiki lakini anaishika kwa heshima. Mbele, upande wa kulia, walikaa ukoo kwa nyekundu na nyeusi. Upande wa kushoto, chini ya turubai la wageni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Kwaku Dapaah, kwa kuwa mjomba wake hakuwa mtu wa kurudi nyuma katika neno. Alivaa joho lake la kijivu la kujishonea. Watu walimpita wakidhani ni mpishi.

Poku akaanza kusoma. Kwa kuwa orodha ya karatasi haikuwepo, alisoma bango, kutoka juu mpaka chini, bila kuruka. Afriyie akasimama. Hamburg wakasimama. Mampong wakasimama kwa kishindo. Poku, aliyekuwa na kasi yake, akasoma pia dawa ya bawasiri, na kwa bahati mbaya tabibu alikuwepo, naye akasimama akapewa pole. Akasoma Memuna. Watu wakageuza shingo, maana hakuna mchukuzi aliyewahi kutajwa kwenye maiki Kumasi. Binti akasimama nyuma kabisa, mikono kichwani kama bado ana mzigo, na wanawake wa soko wakaitikia kwa sauti moja.

Akasoma wote. Akafika chini kabisa, kwenye ule mhuri.

"Na hapa tunashukuru halmashauri ya mji," akasema Poku, "kwa mhuri wao wa ruhusa."

Watu wakapiga makofi ya adabu. Poku akageuza ukurasa ambao haukuwepo. Kisha bibi mmoja wa mbali, asiyejua ugomvi wowote, akauliza kwa sauti, kama mabibi wanavyouliza, "Kwani Yaa hakujaliwa mtoto?"

Mjomba Agyapong alitazama saa. Mimi nilijua ule mhuri ni wa nani, ningeweza kusimama nikasema, na sikusema. Nilikuwa na hasira naye bado. Niliona ajibu mwenyewe au asijibu.

Dapaah akainuka. Viti vya plastiki vikalia. Alipita katikati ya uwanja na joho lake, watu wakainama kwa mazoea, akafika mbele, akasimama mbele ya bango. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona likiwa na majina. Nilidhani atatuhutubia. Badala yake akageuka, akamtafuta mtu mwenye maka peni, na Memunatu akaja mbio kumpa.

Akaanza kutafuta nafasi. Alitazama juu, hapakuwa na nafasi. Alitazama pembeni, akafuata majina kwa kidole, safu kwa safu, akapiga magoti akatazama chini, karibu na njiwa wangu. Mtu aliyeishi kwa kuacha nafasi alitafuta mahali pa kuweka jina moja akapakosa. Uwanja mzima ulimtazama akitafuta, na hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Kisha akausogelea ule mgongo. Akauwekea mkono, bapa, kama mtu anayemwamsha aliyelala. Akaandika humo ndani, begani, pale lilipoinama, kwa mwandiko mbaya kuliko wote kwenye bango lile, herufi zikipanda na kushuka, wino ukimvujia kwenye mkono wa joho, mpaka nafasi ikaisha.

Poku akasogea. Akasoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaisogeza maiki mbali na mdomo.

"Kwaku Dapaah," akasoma. "Mwanao."

Hakuna aliyesimama, kwa sababu aliyetajwa alikuwa ameshasimama. Mjomba Agyapong akainua nguo yake iliyokuwa juu ya kiti cha jirani, kiti ambacho tangu asubuhi alikuwa amewakatalia watu watatu wa Hamburg, akaikunja mapajani.

"Umechelewa," akasema. "Njoo ukae."